Kitabu Kilichokatazwa Kutoka Nyumbani

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimekuwa msomaji rasmi. Kasoro moja tu: sijasoma kitu.

Wapenzi wa Vitabu tulikutana kibarazani kwa Odilia kama kawaida. Utaratibu ni wake mwenyewe. Unakaa, unapewa chai, unaeleza unasoma nini kwa sasa, wenzako wanakuuliza maswali. Odilia ni nesi. Anasoma hata akisubiri maji yachemke. Mimi nilijiunga kwa kupenda vitabu. Hapana, hii ni shajara yangu, nimdanganye nani? Nilijiunga kwa ajili ya Odilia.

Kila Jumamosi nimekuwa nikisema bado nachagua. Leo Mwalimu Gosbert kaja na kitabu cha historia kinene kama tofali la kuchoma. Kakiweka mapajani. Kakaa benchi moja na Odilia, mahali ninapopapigia hesabu tangu mvua zianze. Kisha akanigeukia, akauliza kwa upole ule wa walimu kama ndugu Beatus bado anachagua. Watu wakacheka. Odilia naye akatabasamu kidogo!

Damu ikanichemka. Nikasema nasoma Kitoweo cha Mjane.

Sijui jina hilo lilitoka wapi. Wakauliza kinahusu nini. Nikaeleza jambo la kwanza lililonijia, yaani mambo ya asubuhi ya leo pale ninapopanga. Kuna mjane. Kuna mvuvi anayemletea samaki, kila mara akidai kaingia wavuni kwa bahati mbaya. Mjane anampa chakula kwenye sahani ya bluu iliyofunikwa kitambaa. Mvuvi harudishi sahani tupu, kwa sababu sahani ya watu hairudi tupu, basi anairudisha na samaki. Mjane naye hawezi kuipokea akanyamaza, anaijaza wali. Sahani inakwenda na kurudi, na hakuna anayethubutu kusema neno.

Bernadeta, jirani wa Odilia, akaacha kunywa chai. Nassib, fundi cherehani, akasema huyo mvuvi anahitaji kusukumwa. Odilia akainama mbele kunisikiliza. Mbele! Kuelekea kwangu!

Wakataka kuazima. Nikasema kitabu ni cha padri mmoja mzee, nimekula kiapo kisitoke nyumbani. Gosbert akauliza mwandishi ni nani. Nikasema ni marehemu, na hakutaja jina lake kwa unyenyekevu.

Jumapili, 4 Mei

Nimetoka misani, nikaanza kusoma mara moja. Yaani nilisogeza kigoda hadi ukutani.

Nyumba ya mama mwenye nyumba wangu, Agnella, haina dari. Kuta zinaishia njiani, juu ni bati tupu. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, unaombewa afya chumba cha nne. Kwa hiyo sisikilizi mambo ya watu. Yanakuja yenyewe.

Agnella ni mjane wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi wa kugawa. Nikiugua hunipikia uji. Mvuvi ni Dionisi, mtu wa Malinyi, ana kambi yake mtoni huku upande wetu. Leo kaleta kambale wawili, kasema walijileta. Agnella kamwambia wavu wake umechanika, auache aushone. Kimya kirefu. Kisha Dionisi kasema wavu haujawahi kupata bahati kama hiyo. Kimya tena, kirefu zaidi.

Nimesoma sana leo. Hadi shingo inauma.

Jumatano, 7 Mei

Gosbert kaja kazini! Mimi hupokea mpunga kwenye mashine ya kukoboa, na yeye kaja na kigunia kidogo ambacho mtu mwenye haya angekitwanga nyumbani. Kasema kapita tu. Kauliza kama kitabu kiko karibu.

Kwa bahati nilishajiandaa. Nilikuwa nimechukua kitabu cha maelekezo ya mashine, nikakivika jalada la kaki, nikaandika jina kwa kalamu nzito. Nikakiinua juu akione kwa mbali, kikafunguka. Akafurahi, akasema kumbe kina michoro. Nikasema ndiyo, ni toleo la michoro. Akasema mjane anafanana sana na mkanda wa fenibelti.

Nimemkobolea vibaya. Kaondoka na chenga nyingi kuliko mchele. Roho imepoa kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Ushindi! Nimesoma sura ya wavu. Yaani nimeisimulia. Nilipofika pale mjane anaposhona wavu kwa uzi wa bluu kwa sababu mweusi umeisha, Bernadeta alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nassib alisema uzi huo hautashika, kisha naye akafuta macho.

Gosbert akasema mjane hana msimamo. Wote wakamgeukia kwa ukali. Odilia akamwambia, taratibu, kwamba moyo si somo la hesabu. Nilitamani nimpigie makofi.

Ila Odilia alisema na jambo jingine, nimelishika. Alisema vitabu anavyovipenda kuliko vyote ni vile ambavyo watu wanaopendana wanaachana, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobaki kifuani. Gosbert akaitikia kwa kichwa kama vile ni yeye aliyekuwa na wazo hilo.

Ngoja. Nitawaachanisha mimi.

Jumanne, 13 Mei

Balaa. Kitabu kimefungwa.

Agnella kahamia shambani Katindiuka kuamia ndege. Mpunga unakomaa, kwelea kwelea wamefika kwa makundi, na nusu ya mji sasa iko juu ya madungu, vile vichanja vya kulindia mpunga, watu wanapiga makopo na kurusha mawe kwa kombeo mchana kutwa. Nyumba kimya. Nimeweka sikio ukutani nikasikia panya.

Mchana Dionisi kanifuata mashineni. Kanivuta pembeni kwenye pumba. Mtu mzima yule, mikono mikubwa kama makasia, anachezea pumba kama mtoto. Kasema amemaliza kufikiri. Anataka kumposa Agnella. Hana ndugu huku, na yeye maneno hana. Kasikia kwamba mimi ni msomaji wa vitabu. Akaniomba niwe mshenga wake. Niende Jumapili shambani, nifikishe neno lake, nirudi na jibu.

Nilikubali kabla hajamaliza. Mimi, mshenga! Huku kwetu neno la mshenga ndilo neno lenyewe. Mposaji hajibiwi usoni, hujibiwa kupitia kwangu. Dionisi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema atakaa kambini asimsogelee mama wa watu mpaka nimletee jibu. Nikasikia uzito mzuri kifuani. Nampenda Dionisi. Ni mtu safi.

Jumamosi, 17 Mei

Siku kubwa kuliko zote maishani mwangu!

Sikuwa na sura mpya, ukuta hausemi. Basi nikaitunga. Mvuvi anapeleka mshenga. Mjane anasikiliza posa yote, anakunja kitambaa cha sahani, anasema hapana. Anasema ameshamzika mume mmoja mwenye kupenda maji, wa pili hataweza. Mshenga anarudi peke yake, kichwa chini.

Bernadeta alilia kwa sauti. Nassib alitoka nje kwanza. Odilia akamwomba Mwalimu Gosbert asogee. Asogee! Nikakaa. Benchi lina msumari umejitokeza upande huo, sikujali.

Akaniambia si wengi wanaoweza kusoma hivi. Nikasema ni mazoea tu.

Jumapili, 18 Mei

Leo nilitakiwa kwenda Katindiuka na ile posa. Lakini Odilia anaimba kwaya misa ya pili, na baada ya misa alisimama nje karibu na mahali nilipokuwa nimesimama. Kisha mvua ikatishia. Kisha nikaona viatu vyangu ni vizuri mno kwa tope la kule.

Nitakwenda wiki hii. Agnella hajaulizwa, hana cha kusubiri. Dionisi kasubiri sana tayari, siku mbili zitamwongezea hamu.

Jumatatu, 19 Mei

Niandikeje haya?

Bernadeta ana shamba Katindiuka. Jana kapanda dungu lake, na kwa kuwa kuamia ndege kunachosha, kamsimulia jirani wa dungu la pili kitabu changu. Kwa kupaza sauti, kama ilivyo desturi, katikati ya kupiga makopo. Jirani kampasia wa tatu. Wa tatu kampasia mwingine. Mjane! Mvuvi! Wavu wenye uzi wa bluu! Mshenga karudi kichwa chini! Kufikia adhuhuri kitabu kilikuwa kimevuka mashamba yote, dungu kwa dungu, hadi mtoni kwenye kambi ya Dionisi.

Dionisi si mjinga. Alijua wavu ni wake. Alimjua na mshenga. Akaona kwamba mshenga ameshapeleka posa, ameshajibiwa, na ameona aibu kumletea jibu mwenyewe, basi amelipitisha angani. Na neno la mshenga ndilo neno lenyewe.

Asubuhi hii amepakia nyavu zake kwenye mtumbwi, amerudi Malinyi. Kabla ya kuondoka alipita nyumbani. Niliikuta mlangoni kwa Agnella nilipokuwa natoka kwenda kazini: ile sahani ya bluu. Imeoshwa. Tupu.

Nimejisikia vibaya. Sina namna nyingine ya kusema.

Jioni Agnella karudi ghafla kutoka shambani. Naye dungu lake liko kwenye njia ya ile habari. Aliiona sahani, akakaa nayo kizingitini, hakuwasha moto. Nikamwamkia shikamoo kutoka mbali. Akaitikia marahaba. Kisha akaniuliza jambo moja tu. Aliuliza ni lini alimkataa Dionisi, maana yeye hajaulizwa.

Nikasema naumwa kichwa. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, ingawa kwenye nyumba ile kufunga mlango ni kujisumbua bure.

Jumanne, 20 Mei

Nina mpango! Kilichoharibika kwa njia ya madungu kitatengenezwa kwa njia ya madungu. Wapo wavuvi wanaokwenda Malinyi kila siku, habari itafika.

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda Katindiuka na viatu vizuri, nimepanda dungu la Bernadeta. Nikapaza sauti: sura mpya! Mjane amejuta! Mjane anamwita mvuvi arudi!

Kisha majibu yakaanza kurudi kutoka mashambani. Hawakubali! Mama mmoja akasema mjane alikuwa na sababu nzuri na asiyumbishwe. Mzee mmoja akasema mwisho wa kwanza ulikuwa na nguvu zaidi, huu umewekwa kuwaridhisha watu. Kijana fulani akauliza kwa sauti kubwa kama kweli nimekisoma hicho kitabu. Nikajibu. Wakajibu. Mjadala ukawa mkali, shamba zima likachangia, na hakuna aliyeipeleka sura yangu mbele hata hatua moja.

Wakati huo kwelea kwelea walikuwa wametua kwa Bernadeta, wanakula kwa raha zao. Alinishusha kwa fimbo ya kufukuzia ndege. Kiatu kimoja kimebaki kwenye tope.

Ijumaa, 23 Mei

Agnella hapiki. Yaani anapika, lakini kwa mtu mmoja. Kupitia juu ya ukuta nasikia kijiko kimoja na sahani moja. Nimetamani niende nikamwambie kila kitu. Nilifika mlangoni kwake, akaniuliza nataka nini, nikasema chumvi. Kanipa chumvi nyingi. Hata kwenye huzuni yake anajaza mkono.

Nimerudi chumbani na chumvi yangu. Nikalia kidogo. Chumba cha nne wakauliza nani anaumwa.

Jumamosi, 24 Mei

Nilifika kwa Odilia nikiwa na nia ya kutangaza kwamba padri amechukua kitabu chake. Nikakuta mtu amekaa kwenye benchi, upande wa msumari. Agnella! Kavaa kitenge cha Pasaka, miguu kaibana pamoja, sahani ya bluu mapajani.

Bernadeta ndiye aliyemkaribisha. Hakujua kwamba ndiye mjane mwenyewe. Alimwona mpweke kule shambani, akaona vitabu vitamchangamsha.

Zamu yake ikafika. Odilia akamwuliza kwa adabu, mama, wewe unasoma nini kwa sasa? Agnella akasema Kitoweo cha Mjane. Gosbert akachangamka, akauliza amefika ukurasa wa ngapi. Agnella akasema hajafika ukurasa wowote. Yeye anakaa humo ndani. Na msomaji wake anakaa chumba cha pili.

Niliangalia dari ya kibaraza cha Odilia. Ni nzuri, imepigwa mbao.

Agnella hakupandisha sauti. Alisema nimesimulia vizuri. Alirekebisha mambo mawili: samaki wa kwanza hakuwa kitoga kama nilivyosema, alikuwa kambale, na uzi mweusi haukuisha, ulikuwepo, alichagua wa bluu makusudi ili Dionisi aone. Bernadeta akashika mdomo. Kisha Agnella akasema kusimuliwa hakumkasirishi. Mumewe alipofariki watu walimsimulia zaidi ya hapo. Kinachomuuma ni kwamba kitabuni alipewa jibu, na duniani hakuna aliyempa swali. Alikuwa amekaa na jibu lake miezi yote hiyo. Lilikuwa ndiyo.

Hakuna aliyegusa chai.

Ilibidi niseme. Nikasema yote: hakuna padri, hakuna marehemu mnyenyekevu, hakuna kitabu, na mshenga ni mimi na sikwenda kwa sababu ya kwaya. Sikumtaja aliyekuwa akiimba. Gosbert, kwa heshima yake, hakucheka. Nilitarajia acheke, ingenisaidia.

Odilia alikuwa mwekundu wa macho. Akasema kazini kwake wagonjwa hutenganishwa na pazia tu, na linalosikika nyuma ya pazia hubaki nyuma ya pazia, na asiyeweza hilo hafai kukaa karibu na watu. Sijawahi kusemwa hivyo. Kisha akatoa hukumu. Kesho niende Malinyi, nifanye kazi ya mshenga kama mshenga. Nikirudi nikaamie ndege shambani kwa Agnella hadi mavuno. Na nichukue kitabu, cha kweli, nikisome. Kaniletea chembamba, cha herufi kubwa, kina sungura kwenye jalada.

Agnella aliniita pembeni wakati wa kuondoka. Akanipa ile sahani. Ilikuwa na maandazi, imefunikwa.

Jumapili, 25 Mei

Malinyi. Barabara ni tope, basi limekwama, tumesukuma, nimeanguka. Sahani nilikuwa nimeiinua juu ya kichwa. Maandazi mawili nilikula njiani kwa hofu.

Nilimkuta Dionisi anakausha nyavu. Hakuniangalia. Nilipiga magoti kwenye magamba ya samaki, nikaanza na salamu zote, maana nilikuja kishenga. Kisha nikamweleza kwamba nilisema uongo, kwamba Agnella hakuulizwa kamwe, kwamba uzi mweusi ulikuwepo. Hapo akageuka. Akaniambia nirudie hilo la uzi. Nikarudia. Akaenda kwenye ule wavu, akashika pale paliposhonwa, akasimama nao muda mrefu mgongo ukiwa kwangu.

Sikuwa na maneno. Mimi!

Baadaye akauliza kama posa bado naweza kuipeleka. Nikasema jibu ninalo tayari, ila naomba swali. Akacheka mpaka akakaa chini. Akachukua sahani, akala maandazi yote bila kunikaribisha, ni haki yake, akaijaza samaki waliokaushwa hadi wakaning'inia pembeni. Akaniambia niishike vizuri na nisimsimulie mtu njiani.

Sikumsimulia mtu. Isipokuwa dereva, alikuwa na huzuni.

Jumatano, 28 Mei

Posa imepelekwa, imejibiwa, kwa mdomo wangu, mbele ya mashahidi. Agnella aliposema ndiyo, aliisema haraka sana nikamwomba arudie ili tufuate taratibu. Dionisi amerudi kambini. Leo jioni juu ya ukuta nimesikia vijiko viwili. Niliziba masikio. Kwa muda mrefu kiasi.

Jumamosi, 31 Mei

Nimo dunguni Katindiuka. Jua kali, makopo, kombeo linalorusha mawe nyuma badala ya mbele. Agnella yuko nyumbani anapokea ndugu waliokuja kwa mambo ya mahari. Nimemfurahia kwa moyo wote.

Nasoma. Kweli nasoma! Nimefika ukurasa wa pili. Sungura ana matatizo.

Jioni Odilia kaja. Kasema Jumamosi hii hawakukutana kwa sababu wengine wameanza mavuno, kapita kukagua adhabu yangu. Kapanda dungu, kakaa. Hapa hakuna benchi, ni mbao tatu tu, ilibidi akae karibu. Kaangalia mpunga, kaangalia kitabu, kaona alama yangu kwenye ukurasa wa pili, kakifunga. Nilijua bado ana kinyongo. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, maneno nilikuwa nayo, mazuri, ya kweli.

Akaniuliza nasoma nini kwa sasa.

Mungu anisamehe. Nikasema sungura namsoma kwa adhabu, ila pembeni nimeanza kitabu kingine, kikubwa zaidi kuliko kile. Kuna nesi ndani yake.

Akachukua kombeo, akarusha jiwe vizuri sana mahali pasipo na ndege hata mmoja. Kisha akauliza, macho yakiwa mpungani, kama huyo nesi ana akili. Nikasema ni wa pekee. Akauliza anaishiaje. Nikasema sijafika huko. Akashuka dungu polepole, akapangusa gauni, akasema kesho baada ya misa atapita tena, nisirukie mbele bila yeye.

Sura ya pili sina! Ila Bernadeta na Odilia wanapakana ukuta mmoja, na dungu lake ni lile pale. Nimeshamwita.